Pafu Lisilogawanywa

Enyi wenye pua na vifua, tulieni mnisikilize. Kabla sijamaliza kutamka neno hili kila mmoja wenu amekwisha kuvuta hewa mara mbili, na hakuna aliyeshukuru. Muumba alimfinyanga mtu kwa mavumbi, akamkamilisha mpaka kope za macho, na bado mtu yule alikuwa chungu kitupu hadi alipopuliziwa. Samaki alipewa matamvua ayachuje maji. Panzi alitobolewa matundu ubavuni. Chura aliambiwa, "Hata ngozi yako itapumua." Sisi tulipewa mapafu mawili, tukaongezewa na neema ambayo panzi hakuipata: mtu aweza kumpa mwenzake pumzi yake mwenyewe.

Katika kijiji cha Kirindi, juu ya milima ya Upare, walikuwapo watu watatu ambao kijiji kiliwataja kwa kichwa kilichoinuliwa.

Wa kwanza alikuwa Fundi Kajiru, mhunzi. Mivukuto yake ya ngozi ya mbuzi ilikuwa na upepo wa kulainisha chuma mpaka kikanyumbuka kama unga uliokandwa. "Ninyi mna mapafu mawili," alizoea kutamba, "mimi ninayo manne: mawili kifuani na mawili mikononi."

Wa pili alikuwa Mrindoko, mzamiaji, aliyepanda mlimani kutoka Ziwa Jipe. Kule ziwani alizama kuifungua migono, yaani mitego ya samaki, iliyonasa katika mizizi ya matete, na waliobaki juu walichoka kumhesabia kabla yeye hajachoka kukaa chini. Hapo Kirindi yeye hakuwa na ndugu hata mmoja.

Wa tatu alikuwa Bibi Nakundwa, mkunga. Watoto waliozaliwa kimya, midomo imekuwa ya samawati, aliwawekea kinywa chake puani na mdomoni, akapuliza kidogo kidogo kama mtu apozaye uji, mpaka wakamlilia. Nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake, ingawa yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto.

Basi mwaka mmoja chemchemi ilikauka, na Eliamini, kijana mchimba visima, akaanza kuchimba karibu na kiwanda cha Kajiru. Alipofika pima sita alikuta mwamba. Kajiru akamletea makaa, moto ukawashwa juu ya mwamba ule ili upate joto, kisha ukamwagiwa maji baridi, nao ukapasuka. Asubuhi iliyofuata ilibaki kazi ya kushuka na kuvitoa vipande.

Desturi ya wachimbaji ni kumtanguliza kuku ndani ya kikapu. Kuku ni shahidi mwaminifu: hewa hupita katika mapafu yake avutapo na atoapo, kwa hiyo hewa mbaya humwangusha mapema. Lakini kuku wa karibu alikuwa mmoja tu, wa Bibi Nakundwa, naye alikuwa akiatamia.

"Tetea wangu hashuki," alisema Bibi. "Mayai kumi na moja yapoe kwa ajili ya shimo lenu? Katafuteni kwingine."

Mrindoko alikuwa na kobe aliyemwokota njiani. Akamwinua. "Mshusheni huyu. Kwani yeye hapumui?"

Watu wakacheka, wakamshusha kobe. Wakaimba beti tatu za wimbo wa kanisani, ambazo ndizo kipimo chao, wakamvuta juu. Kobe akatoa kichwa akawatazama kama mzee wa kanisa aliyeamshwa katikati ya mahubiri.

"Hewa ni njema!" wakashangilia.

Ole wao! Kobe akijikunja ndani ya gamba lake hukaa bila kuvuta hewa muda ambao ungetosha kumuua mwanadamu. Lakini msiwacheke. Nani kati yetu hajawahi kumwamini shahidi kwa sababu tu ametoka shimoni mzima?

Eliamini akashuka. Alipokanyaga mwamba, mkewe Nanzia akamwita kutoka ukingoni. "Baba Tumsifu, umefika?" Akaita tena: "Baba Tumsifu!" Kamba ikalegea. Makaa yaliyofuka usiku kucha katika nyufa yalikuwa yameiharibu hewa yote ya chini.

Fundi Kajiru hakuuliza swali. Aliung'oa mfereji wake wa mianzi, ule ulioleta maji kiwandani kabla chemchemi haijakauka, ukiwa umeunganishwa kwa nta, akauteremsha kisimani na kuupachika mdomo wa mivukuto. Akaanza kuvukuta. Alivukuta hadi viganja vikachubuka na damu ikalowesha ngozi za mbuzi. Mtu alipotaka kumpokea alimfokea: "Toka! Ukikosea mdundo mmoja umemuua!"

Mrindoko alijifunga kamba ya pili kiunoni. Alivuta pumzi tatu ndefu, akaifunga ya nne, akateremka gizani kama anayezama ziwani. Alimkuta Eliamini kifudifudi, akamfunga chini ya makwapa. Fundo la kwanza likateleza. Alipolikaza la pili kifua chake kilikuwa kimekwisha, akapapasa ukutani mpaka akaukuta mwanzi, akauweka kinywani na kunywa upepo wa Kajiru. Kisha akatikisa kamba ya Eliamini. Yake hakuitikisa. Alitaka mgonjwa atangulie, naye akavutwa baada yake.

Eliamini alilazwa majanini, amelegea, kifua hakipandi wala hakishuki. Nanzia alikwisha kuvua kilemba kama mjane. Mtu akamfunika Eliamini kanga usoni.

"Iondoeni hiyo kanga!" Sauti ya Bibi Nakundwa iliwapiga kama fimbo. "Nani amewapa ruhusa ya kumfunika mtu ambaye sijamaliza naye?"

Alimtoa tope kinywani kwa kidole, akamwinua kidevu, akambana pua, akapuliza. Kifua kikapanda. Akapuliza tena na tena. Watu walihesabu hadi sitini, wengine wakaacha kuhesabu wakaanza kuomba. Naye Eliamini akakohoa, akatema mate, akafumbua macho.

"Nani... amenilisha ugoro?"

"Ni mimi, mjinga wewe," Bibi akasema, machozi yakimtoka. "Na leo nilinusa ule mkali."

Oh, jinsi Kirindi ilivyopiga vigelegele! Watu waliopokonya mtu mkononi mwa mauti hawana haja ya kusema kwa sauti ndogo. Siku ya tatu familia ikachinja fahali wa shukrani.

Na hapa, wasikilizaji wangu, ndipo furaha ilipopata mwiba. Kwao mtu aliyerudishiwa uhai hulitoa pafu la fahali kwa mkono wake mwenyewe, kabla nyama haijaiva, nalo halikatwi, kwa maana pumzi ya mtu ni moja. Alipokeaye huwa mzazi wake wa pumzi: huketi mbele katika arusi za watoto wa huyo aliyeokolewa, na siku ya maziko neno lake hutangulia.

"Bila upepo wangu," alisema Kajiru, "mngevuta maiti mbili. Ukoo wetu wa wahunzi mnatuogopa hata kula nasi. Leo na tuketi mbele."

"Upepo wako ungempuliza Eliamini hadi Jumapili, naye amelala kule kule," alijibu Mrindoko. "Ni nani aliyeshuka? Mimi sina hata wa kunizika katika mlima huu."

"Mlinikabidhi mtu aliyekwisha kufunikwa," alisema Bibi Nakundwa kwa upole. "Nimewapulizia watoto wenu miaka arobaini. Hakuna aniitaye mama."

"Ungetoa kuku, Bibi, tusingefika huku," Mrindoko akamchoma.

"Na wewe na kobe wako je?"

"Na makaa yalikuwa ya nani?" mtu akadakia kutoka nyuma, na Kajiru akainamisha kichwa, akavitazama viganja vyake vilivyofungwa vitambaa.

Nanzia akamsogelea mumewe. "Ukimpa mmoja, umewahuzunisha wawili. Ukikaa nalo mpaka nyama iive, umewakana wote watatu. Na chungu kinachemka."

Eliamini amesimama, pafu zima mikononi, jepesi na bado lina joto. Kifua chake kinapanda na kushuka kwa kazi ya watu watatu, na kila mmoja wao alikuwa pia na mkono katika kumteremsha shimoni. Wote wanamtazama.

Nawauliza ninyi ambao hakuna hata mmoja aliyejipulizia pumzi yake ya kwanza: mikono hiyo ingekuwa yenu, mngeinyosha kwa nani?