Kiboko Akung'uta Mkeka

Hapo zamani za kale, enzi zile wanyama walipokuwa wakijenga, wakilima na kuozana, aliishi Kiboko mmoja aliyependa sifa kuliko chakula. Na Kiboko mnajua anavyopenda chakula.

Alipomwoza binti yake, alifanya karamu ya wiki nzima. Mtama alikopa kwa Nyati, asali kwa Tembo, karanga kwa Nguruwe. Wageni wakala, wakamsifu, wakaenda zao. Ghala likabaki tupu, na wenye mali wako mlangoni.

Kila mavuno Kiboko alilipa, lakini kwa riba waliyomtoza deni halikupungua. Mwisho Nyati akamwambia, "Ndugu yangu, mavuno ya mwakani nikikuta hujamaliza, nahamia mimi kwenye nyumba hii. Wewe na wanao mtalala matopeni."

Kulala matopeni kwa Kiboko si neno, msicheke. Lakini aibu ile mbele ya wakwe zake angeiweka wapi?

Sasa kijijini kwao kulikuwa na desturi. Aliyeelemewa na madeni alikwenda barazani kwa Simba, akakung'uta mkeka wake mbele ya wanaomdai. Kilichomo ghalani kiligawanywa, nyumba akaachiwa, na madeni yote ya nyuma yakafa siku hiyo hiyo. Ila akigundulika ameficha hata punje, nyumba imekwenda. Maneno ya kusema pale barazani yalikuwa mengi na magumu, na aliyeyajua vizuri ni Nguchiro, mnyama mdogo, mwepesi wa miguu na wa ulimi.

Kiboko akamwendea, pwata, pwata, pwata.

"Nitetee, mwanangu. Sina kitu."

"Pole sana, mzee. Kaa kitako. Malipo yangu ni madebe kumi ya mtama."

"Si nimekwambia sina kitu?"

"Nimesikia. Wote wanaokuja hapa hawana kitu. Ndiyo kazi yenyewe."

"Basi nitakulipa tukishamaliza."

Nguchiro akacheka mpaka akashika mbavu. "Tukishamaliza, madeni yako yote yamekufa, na langu limo. Ningekuwa mjinga kiasi hicho, si ningekukopesha mtama kama Nyati?"

"Sasa nitatoa wapi?"

"Mavuno haya unampa Nyati madebe mangapi?"

"Manne. Tembo matatu, na Nguruwe matatu."

"Kumi hayo. Kumbe unayo, mzee. Usiwape. Niletee mimi."

"Nyati atanivunja mbavu!"

"Mwambie azungumze na mtetezi wako."

Kiboko akakuna kichwa. Kuacha kulipa ili upate cha kulipa, hayo hakuwahi kuyasikia. Lakini alibeba debe moja moja mpaka yakatimia, na ghala la Nguchiro likajaa pomoni.

Siku ya baraza ikafika. Kiboko akaukung'uta mkeka, pu, pu, pu. Likatoka vumbi na mende mmoja. Ghalani kwake wakakuta kibaba kimoja cha mtama. Nyati akapata kiganja, Tembo akapata kiganja, Nguruwe akaambulia makapi.

Nyati akasimama anafoka. "Bwana Simba, huyu hana kitu, haya. Na Nguchiro je, anamsemea kwa mapenzi? Nani kamlipa?"

Nyumba imekwenda, Kiboko akasema moyoni.

Nguchiro akainuka taratibu. "Nimelipwa, Bwana. Madebe kumi, mchana kweupe, kila mtu anaona. Kilichofichwa hapo ni nini?"

"Mtama gani huo?" Nyati akauliza.

"Ule ambao angekuletea wewe."

"Kwa hiyo nimekulipa mimi?"

"Wewe, na Tembo, na Nguruwe. Nawashukuruni sana, wazee wangu. Ningemtetea kwa mkopo, saa hizi ningekuwa nimekaa hapo nanyi, nalamba kiganja."

Simba akakohoa kuficha kicheko. Desturi haikumkataza mtu kumlipa mtetezi wake. Madeni yakafa, na Kiboko akarudi kwake anacheza.

Nyumba ilikuwa yake, ndiyo. Lakini hakuwa na mbegu, na mawingu yalishatanda. Akaenda kwa Nyati, mlango ukafungwa, bwa. Tembo hakuitikia hodi. Nguruwe alimtukana dirishani. Ikabaki nyumba moja tu.

"Mbegu? Zimejaa tele," akasema Nguchiro. "Chukua madebe mawili, ukivuna utanirudishia manne."

Kiboko akautazama ule mtama, akautambua. Aliulima kwa mikono yake mwenyewe.

"Na nikishindwa kukulipa?"

"Utakung'uta mkeka tena, mzee. Nitakutetea mimi mwenyewe, usihofu. Ila utanilipa kwanza."

Kiboko akajitwisha madebe yake, akaenda kupanda.

Basi hapo ndipo nilipowaacha, watoto wangu, nanyi shikeni neno hili: anayekutoa kwenye deni si lazima awe anataka usidaiwe tena.