Mkaguzi wa Ndani ya Mtungi

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko na hata shule, alikuja Korongo kutoka Ulaya. Alikaa msimu mmoja tu, akawafundisha Kiingereza, kisha huyoo, pruuu! Akarudi alikotoka.

Katika Kiingereza hicho, kilichowaduwaza wanyama ni vitenzi. Lo! Leo kinaitwa go, ukikisema cha jana kinaitwa went, ukikigeukia tena kimeshakuwa gone! Nyoka mwenyewe, fundi wa kujivua gamba, alitikisa kichwa.

"Mimi hubadili ngozi tu, jamani. Hiki hakibakizi hata mfupa!"

Pimbi alisikiliza kutoka juu ya jiwe lake, mdomo wazi. Alivipenda vitenzi vile kupita kiasi. Akikoroga uji, eat, ate, eaten. Akiwaogesha watoto wake watatu, drink, drank, drunk.

Na Kifaru je? Kifaru alikuwa nyuma ya darasa anakoroma, khrrrr! Lakini Korongo alipoondoka, kiti cha mwalimu kilibaki wazi kando ya kisima. Kifaru alikuwa mkubwa kuliko wote pale. Akakikalia.

"Kuanzia leo," akanguruma, akiinua kibao cha mti chenye kamba, "anayetaka maji anisomee kitenzi kwanza. Akikosa, atavaa kibao hiki shingoni, wala hanywi, mpaka apatikane mwingine wa kukosa amvalishe yeye!"

Mwaka ule jua lilikuwa kali, na kisima kilikuwa hicho hicho kimoja. Wangefanyaje? Walitii.

Siku ya zamu yake, Pimbi alikuja na mtungi wake mkubwa. Alipoiona ile pembe ya Kifaru mbele ya uso wake, sauti ikapotea.

"G-go... went... gone," alinong'ona.

"KOSA!"

"Lakini Mwalimu, Korongo alitu..."

"Kosa, nimesema! Kiingereza gani cha kunong'ona? Mvalisheni kibao!"

Basi Pimbi alirudi nyumbani, kibao kikimgonga kifuani, ko, ko, ko, na mtungi mtupu kichwani. Watoto walimkimbilia mlangoni, midomo imekauka.

"Mama, maji yako wapi?"

Pimbi aliutua ule mtungi chini. Moyo ulimuuma sana, wajukuu zangu.

Kesho yake alikwenda kukaa kisimani, atazame wenzake wanavyosoma. Alikuja Ndama wa Nyumbu, akapiga kelele, "Eat, ate, eaten!"

"Sahihi!" Ndama akanywa.

Akaja Fisi, kifua mbele. "BRING, BRANG, BRUNG!"

Pimbi alishtuka. Brang? Brung? Hayo Korongo hakuyafundisha kabisa!

"Sahihi kabisa!" Kifaru akasema, na Fisi akanywa mpaka tumbo likawa ngoma.

"Ala!" Pimbi akajiambia. "Kumbe huyu hasikilizi maneno. Anasikiliza kelele!"

Akaenda nyumbani akifikiri. Aliinamia mtungi wake mtupu, akashusha pumzi, "Aah..."

"AAAAH!" mtungi ukaitikia. Watoto wote watatu wakaingia mvunguni.

Pimbi akacheka peke yake. Alikuwa amekwisha kujua la kufanya.

Alasiri ile, wanyama walipojaa kisimani, Pimbi alijificha nyuma ya mwamba, akatia kichwa mtungini.

"KIFARUUU!"

Ndege waliruka mitini. Nyumbu walilala kifudifudi. Hakuna aliyewahi kusikia sauti kama ile, ilikuwa kama jabali lenyewe limefumbua kinywa.

"N-nani?" Kifaru aliuliza, akikodoa macho yake yasiyoona mbali.

"MIMI NI MKAGUZI WA SHULE! NIMETOKA NG'AMBO!"

Kifaru hakumwogopa simba, wala moto wa nyikani. Lakini mkaguzi! Mwalimu asiyejua kitu humwogopa nani zaidi?

"Shikamoo, mheshimiwa! Karibu, karibu sana!"

"NISOMEE KITENZI WEWE MWENYEWE. EAT!"

Jasho lilimtiririka Kifaru mpaka kwenye kwato. Alikohoa. Alitazama juu, akatazama chini.

"Eat... eated... EATEDED!"

Wanyama wakatazamana. Hata nzi walitua.

"Mama," Ndama wa Nyumbu akauliza, "mbona Mwalimu amekosa? Mimi mwenyewe nimekisoma asubuhi!"

"Kwi kwi kwi!" Fisi akaangua kicheko.

"SHERIA YA HAPA INASEMAJE KWA ALIYEKOSA?"

"A-anavaa kibao, mheshimiwa."

"INAMA. FUMBA MACHO."

Kifaru akainama, akafumba. Vikasikika vishindo vidogo vidogo, ti, ti, ti, na kibao kikatundikwa kwenye pembe yake. Alipofumbua macho, mbele yake alisimama Pimbi.

"Wewe!"

Wanyama walishika vinywa. Sauti ile yote, imetoka kwa Pimbi? Huyu asiyefika hata gotini kwa Kifaru?

Kifaru aliinua mguu amkanyage. Pimbi hakukimbia.

"Sheria ni yako, Mwalimu," alisema kwa kile kisauti chake.

Ndipo nyumbu wakasimama wote, wakaitikia kwa pamoja, kama darasani: "Kibao, Mwalimu! Kibao!" Ardhi ilitikisika. Kifaru alishusha mguu polepole, akakaa chini.

Pimbi alijaza mtungi mpaka pomoni, na hakuna aliyemuuliza kitenzi. Alipokuwa akipita kwenda kwa watoto wake, alisikia sauti nzito ikimwita kwa upole.

"Pimbi... ee... dada yangu. Ile eat, inakwendaje vile?"

"Ate, eaten," Pimbi akamnong'oneza. "Sema polepole tu, Mwalimu. Hata ukinong'ona ni sahihi."

Basi nanyi, wajukuu zangu, msimwogope mwenye sauti kubwa kabla hamjamuuliza anachokijua.