Malenga Aliyeghani Tumboni

Sogeeni, wala msininyamazie. Mtaona kwa nini.

Palikuwa na zimwi lisilopenda kusemwa. Malenga Mize akaghani uwanjani juu ya ulafi wake, nalo likammeza mzima mzima. Lakini kwa watu wa pale shairi haliachwi bila kuitikiwa, basi mamaye akaitikia. Mle tumboni Mize akaanza ubeti wa pili!

Zimwi likakimbilia mwituni, akaghani. Likajitosa mtoni, akaghani. Likaziba masikio, akaghani, na watu nyuma wanaitikia.

“Mwambieni anyamaze!” likalia.

“Mtapike!” watu wakalijibu.

Likamtapika. Mize akajifuta mate, akauliza, “Nilifikia wapi?”

Ndiyo maana malenga akighani, huitikiwa. Sasa mbona kimya? Yuko malenga mwingine tumboni mwa zimwi, anasikiliza kama tutamwitikia.