Mfupa Mmoja kwa Kila Kanusho

Si zamani sana, wanyama wakiwa wamekwisha kujua kutumia simu ila hawajajua kumwambia mfalme ukweli, jua lilikaa angani miezi tisa bila tone la mvua. Mto ukawa mchanga. Mfalme Simba, ambaye hajapata kukosea tangu azaliwe, akatangaza kwamba ukame haupo kwa sababu yeye hajauruhusu. Kila asubuhi alioga mchanga mbele ya raia, akajifuta kwa taulo na kusifu ubaridi wa maji.

Kisima kilibaki kimoja tu, na ufunguo wake alipewa Fisi, Waziri wa Maji na Habari. Ukimwuliza maji yako wapi, alikujibu, "Yapo tele. Yamepumzika."

Sungura, mjanja wa kalamu, aliandika kwamba watoto wanakufa kwa kiu. Siku hiyo hiyo akasakwa, akavuka mto kwa miguu mikavu, akaingia nchi jirani. Taarifa rasmi ilisema ameogelea, na mkondo ulikuwa mkali.

Huko ugenini alipanga chumba cha mabati juu ya kilima, mahali penye mtandao, akafungua ukurasa akauita Sikio Refu. Alikuwa mpweke, maskini, na chakula cha watu hakikumkaa tumboni. Lakini kila asubuhi wenzake walijificha vichakani na simu zao, wakasoma habari za kwao zilizoandikwa na aliye mbali.

Fisi akachukia. Akakusanya simu zote nchini, akazitia guniani, akabaki na yake tu. Sungura hakuacha kuandika, akisimuliwa na waliohama.

"Sasa tutajuaje anavyotusema?" Simba akauliza.

"Nitasoma mimi, Mtukufu, kisha nitakanusha barazani, kila mmoja asikie kwamba si kweli."

Simba alipendezwa mno. Akaamuru Fisi apewe mfupa mmoja kwa kila kanusho.

Hapo kazi ikamkolea Fisi. "Si kweli kwamba kisima kimepungua pima mbili!" Mfupa. "Si kweli kwamba nyumbu saba wamehama!" Mfupa. Wanyama wakawa wanawahi barazani kugombea viti vya mbele. Hata wazee wasiojua kusoma sasa walipata habari zote, tena kwa sauti kubwa.

Siku moja Sungura akashikwa na homa, asiandike kitu siku tatu. Siku ya nne alipokea ujumbe: "Ndugu Sungura, mbona kimya? Tumekukosea nini? Andika japo kidogo. Wako, Waziri Fisi."

Sungura alicheka hadi akapaliwa.

Wiki hiyo hiyo Paa alipanda kilimani na mwanawe mgongoni, ulimi wa mtoto umekauka kinywani. Sungura akampa mtoto maji yote ya kibuyuni.

"Kisima ni kitupu, kaka," Paa alisema. "Fisi ameyahamishia maji kwenye shimo lake. Nimefuata nyayo za tope mpaka nimeliona. Kifuniko chake peke yangu sikiwezi."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Nikifungua mdomo nitafungwa, na huyu abaki na nani? Kesho atataka maji tena."

Sungura alikuna sikio. "Basi usiseme wewe, dada. Atasema Fisi mwenyewe."

Kesho yake Sikio Refu ilitoka na habari moja, ila imekatwakatwa vipande, kila sentensi peke yake. Fisi aliposoma akaona ni yeye anayesemwa, manyoya yakamsimama. Kisha akahesabu sentensi. Zilikuwa ishirini. Mate yakamtoka.

"Nimekanusha mangapi, na nani amewahi kunigusa?" alijiambia. "Kanusho ni kanusho."

Akasimama barazani, akatoa simu. "Si kweli kwamba Waziri Fisi ana shimo la maji!"

Mfupa.

"Si kweli kwamba liko nyuma ya nyumba yake, upande wa kichuguu chekundu!"

Mfupa. Tembo akanyanyuka, akasema anakwenda haja ndogo.

"Si kweli kwamba ni hatua arobaini kutoka kwenye kichuguu hicho!"

Pundamilia wote nao wakabanwa na haja ndogo, ingawa hakuna aliyekuwa na maji mwilini ya kufanyia hivyo. Mgawa mifupa akaacha bakuli akawafuata.

"Si kweli kwamba limefunikwa kwa mlango wa zamani wa ikulu!"

Simba akainua kichwa. Mlango ule ulipotoweka, Fisi alimwambia umepelekwa kwa fundi. Mfalme akashuka kitini polepole, kwa heshima zake, akaondoka bila kuaga.

Fisi hakuondoa macho kwenye simu. Aliendelea kuvikanushia viti vitupu. "Si kweli kwamba kifuniko ni kizito, chahitaji wanyama kumi!" Alipomaliza la ishirini akanyoosha mkono kupokea. Hapakuwa na mtu.

Kule kwenye kichuguu walikuwa zaidi ya kumi. Waliinua mlango, na maji yakaonekana, meusi, mengi, yametulia. Mwana wa Paa alikunywa hadi tumbo likawa ngoma. Simba aliinama akanywa muda mrefu kuliko wote, akainua uso, ndevu zinamdondoka, akanguruma: "Shimo hili halipo!"

Tembo akakohoa.

"Halipo, Mtukufu. Lakini sogea kidogo, na wengine wanywe."

Haijapata kutokea katika nchi ile mfalme kuambiwa asogee. Simba alimtazama Tembo, akawatazama na waliokuwa nyuma ya Tembo, foleni ndefu mpaka bondeni. Akasogea.

Fisi alifukuzwa jioni ile ile bila hata mfupa mmoja wa njiani. Simu zikatolewa guniani, na ujumbe wa kwanza ulitoka kwa Paa kwenda kilimani: "Kaka, rudi nyumbani." Sungura alilia sana. Kisha akajibu kuuliza nani anayalinda maji sasa, maana angependa kuliandika hilo nalo.

Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakukosea.