Majani Aliyokula Mbuzi

Akina mama mlioko nyuma, acheni kunong'ona. Umbea leo nimeuleta mimi.

Kulikuwa na mwanamke mmoja wa kule milimani. Mbuzi wake alizaa mapacha, maziwa hayatoki. Ilikuwa majira ya baridi, majani yote yameungua. Alizunguka na mundu tangu alfajiri akaambulia vijiti, na vile vitoto vinalia.

Chini ya mteremko, pale kwenye kona, lori lililobeba mbao lilikuwa limeharibika, limekaa nusu ya barabara. Dereva alikata matawi mabichi, si mnajua wanavyofanya, akayapanga kuanzia mbali huko juu mpaka kwenye tairi. Mwanamke alipoyaona, macho yakamtoka. Akainama.

"Mama, hayo acha," dereva akasema kutoka uvunguni. "Ndiyo yanayomwambia wa mbali kwamba nimekwama."

"Baba, lori kubwa kama godauni," akamjibu, anacheka. "Asiyeliona hilo ataona majani?"

"Kwa ukungu huu, mtu akiliona ameshafika. Breki atashika saa ngapi?"

Mwanamke akasema haya, amesikia. Dereva akarudi kwenye spana zake. Naye akapanda mteremko polepole, kama mtu anayekwenda zake, akayazoa yale ya mbali ambayo dereva hawezi kuyaona. Ya karibu na tairi akayaacha. Tena akajiona muungwana, maana hakuchukua yote.

Mnajua nani aliteremka na pikipiki asubuhi ile, madumu ya maziwa ubavuni? Mumewe. Mtu mwangalifu, barabara nzima inamjua: akiona tawi moja tu, anapunguza mwendo. Siku hiyo hakuona tawi. Aliona mbao, na ameshazivaa.

Watu wakajaa. Wakamkaba dereva, mbona huko juu hukuweka matawi? Akasema aliweka. Wakamwita mwongo, wakampiga mpaka polisi wakaja kumchukua. Mwanamke alikuwa hapohapo, kichwa cha mumewe mapajani, anasikia yote. Hakusema neno. Na nyumbani mbuzi alikuwa bado anatafuna.

Mnaguna? Ngojeni kwanza. Madereva tunawasema, na wapo wanaostahili, wale wanaoendesha wamesinzia, wale wanaojaza mzigo mpaka lori linalia. Lakini sisi? Mara ngapi tumeambiwa tusijibanze ubavuni mwa lori, dereva kule juu hatuoni, tukasema haya, tumesikia, tukapita? Mtu akituonya tunaona anatubania. Onyo aliloliweka kwa ajili ya wengine tunalibeba, kwa sababu leo lina faida kwetu, na tunaacha kidogo ili tuonekane waungwana. Kisha damu ikimwagika tunasimama na umati kuuliza nani kaua.

Ya watu tunajua kuyasema, mimi wa kwanza. Hilo moja la kwetu, kimya.

Basi tukitoka hapa, tusikimbilie barabarani kutafuta mwenye makosa. Kila mmoja wetu apitie kwanza zizini kwake, aangalie mbuzi wake anatafuna nini.