Pepo wa Fisi Asiyetaka Nyama

"Paukwa."

"Pakawa."

"Hamkuitika. Ndimi zenu mmeazima wapi leo? Paukwa."

"Pakawa, bibi, tumeitika."

"Niseme au ninyamaze?"

"Sema, ukinyamaza tutalala."

Basi mwenye mdomo aufunge sasa, baadaye utaachama wenyewe.

Hapo zamani kulikuwa na bonde, na katika bonde lile kulikuwa na mwarobaini mmoja tu. Mnaujua mwarobaini, mti mchungu, ukitafuna jani lake uso unakunjamana mpaka kisogoni. Wanyama wakishikwa na homa walikuwa wanachuma, wanachemsha, wanakunywa, wanalaani, wanapona.

Siku moja Fisi akauzungushia mti ule boma la miiba. Akaketi mlangoni. Akasema, "Dawa ni yangu. Mwenye mgonjwa alete nyama."

Wakaleta. Wangefanyaje? Nungunungu akaleta mzoga aliouokota njiani, akapewa majani. Mbweha akaleta kitoweo cha wanawe, akapewa majani. Ngiri akaja na shangazi yake, wameongozana vizuri tu, wanazungumza habari za mvua. Ngiri akarudi na majani, peke yake. Ndiyo, mmesikia sawasawa.

Sasa huko juu kwenye majabali alikaa Pelele. Pelele ni mnyama mdogo, hata mkia hana, ukimwona unamdhania panya aliyenenepa. Alikuwa na watoto wawili, Mize na Kombo. Mize akashikwa na homa. Akatetemeka, kata-kata-kata, meno yanagongana. Pelele akamfunika, homa haikushuka. Akamkanda kwa maji, homa haikushuka. Akamwimbia, Mize akatabasamu kidogo, lakini homa haikushuka. Pelele akaona mtoto anamponyoka hivi hivi. Akashuka mbio mpaka kwa Fisi.

"Hodi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nyama iko wapi?"

"Sina nyama, mzee. Nina mgonjwa. Mize wangu anakufa kwa homa. Naomba konzi moja tu ya majani."

Fisi akapiga miayo. "Una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Mmoja mgonjwa, mmoja mzima?"

"Ndiyo, mzee."

"Mlete mzima, nikupe majani ya mgonjwa. Utabaki na mmoja. Ukikataa, mgonjwa atakufa, utabaki na mmoja vilevile. Kwako ni mamoja, ila mimi nitakuwa nimekula."

Pelele hakuamini masikio yake. Akamtazama Fisi usoni aone kama anatania, akaona hatanii. Akakaa chini palepale.

Na akiwa pale chini ndipo alipoyaona vizuri macho ya Fisi. Mekundu, kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi. Fisi akasinzia, kichwa kikaanguka. Akashtuka, akachungulia boma lake. Akasinzia tena. Akashtuka tena, akachungulia tena.

"Kwani hulali, mzee?"

"Nitalalaje, na wezi wote hawa? Tangu niweke boma sijaonja usingizi. Nakunywa mwarobaini asubuhi, nakunywa jioni, mpaka ulimi umekuwa gome la mti. Usingizi hauji."

Pelele akafikiri upesi, maana nyumbani kuna mtu anatetemeka. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, mzee. Huo si ugonjwa wa majani. Wewe una pepo."

"Pepo? Mimi?"

"Wewe. Na pepo hatibiwi kwa dawa. Pepo anachezewa ngoma. Anapanda kichwani, anasema anachotaka, anapewa, anashuka. Wewe unalala."

"Na mimi nitamsikia akisema?"

"Mteja wa ngoma hajisikii hata kidogo. Pepo atasema kwa mdomo wako, ila lugha yake anaijua fundi peke yake."

"Fundi yuko wapi?"

"Unazungumza naye."

Fisi akatafakari. Akaona ngoma haitampunguzia hata jani moja. "Haya, leta hiyo ngoma," akasema. "Lakini ukinidanganya, nitawala wanao wote wawili, na wewe nitakutafuna nikate kiu."

Pelele akaenda mbio akamwita Kanga na kayamba lake. Akamwita na Kobe.

"Ngoma yenyewe iko wapi?" Kobe akauliza.

"Hii hapa," Pelele akasema, akampanda mgongoni.

Kobe akataka kulalamika, lakini mikono ilikwisha kuanza. Ti-ndi, ti-ndi, ti-ndi. Kayamba nalo, cheke-cheke-cheke. Wanyama wakasikia, wakaja mmoja mmoja, wakaizunguka ngoma, wakaitikia.

"Pepo wa nani huyu?"
"Wa Fisi."
"Amekaa wapi?"
"Kichwani."
"Anataka nini?"
"Mwulizeni."

Fisi kakaa tu. Pelele akaongeza kasi, ti-ndi, ti-ndi, Fisi akatikisa mguu. Akaongeza tena, ti-ndi, ti-ndi, Fisi akasimama, mabega yakaanza kwenda yenyewe. Mara akacheka kile kicheko chake, hiii-hi-hi-hi.

"Pepo amesema," Pelele akatangaza. "Anasema miiba inamchoma macho. Iondoeni."

Fisi akabaki na mguu mmoja juu. "Nimesema hivyo mimi?"

"Umesema, mzee," Kobe akajibu kutoka chini. "Nimesikia kwa masikio yangu."

Nungunungu akaondoa miiba. Ngoma ikaendelea, ti-ndi, ti-ndi, cheke-cheke-cheke. Pepo wa nani huyu? Wa Fisi. Amekaa wapi? Kichwani. Anataka nini? Mwulizeni. Fisi akazunguka, akayumba, akacheka, hiii-hi-hi-hi.

"Pepo amesema. Anasema kila mwenye mgonjwa achume majani, asidaiwe kitu."

"Nimesema hivyo mimi?"

"Umesema," akajibu Ngiri.

Hapo Fisi akasimama kabisa. Jasho linamtiririka. Akawatazama wote, akamtazama Pelele.

"Ngojeni kwanza. Mimi maisha yangu yote nataka nyama. Nikilala nataka nyama, nikiamka nataka nyama. Huyu pepo wangu mbona hataki nyama?"

Kayamba likanyamaza. Kobe akaingiza kichwa ndani. Pelele akawaona Mize na Kombo kinywani mwa Fisi, waziwazi kabisa. Lakini mikono hakuitoa kwenye ngoma.

"Mzee," akasema taratibu, "angetaka nyama asingekuwa pepo. Angekuwa wewe."

Fisi akaligeuza neno lile kichwani, huku na huku. Akaliona lina akili.

"Kweli," akasema. "Pigeni."

Wakapiga. Fisi akacheza mpaka ulimi nje, akacheza mpaka magoti yakagongana, halafu puu, chini, na kukoroma kukaanza palepale, khoroo, khoroo.

Pelele hakungoja kuona zaidi. Alijaza majani mdomoni, akapanda majabali, akachemsha, akamwinua Mize. Mize akanywa, akalia, akatema, akalazimishwa, akanywa. Jasho likamtoka likalowesha malazi yote. Asubuhi akafumbua macho akauliza, "Mama, kuna chakula?" Hapo ndipo Pelele alipolia, kwa sauti, mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba.

Fisi aliamka jua liko utosini. Akatafuta boma, hakuna boma. Akatazama mti, matawi ya chini meupe, hayana hata jani.

"Nani amefanya haya?"

"Wewe, mzee," wakajibu wote.

Fisi akaachama. Akatafuta hasira ndani ya tumbo lake, akakuta miayo. Akaona hana tena cha kulinda, akageukia upande wa pili, akalala.

Alipoamka safari hii alikuwa mwepesi, mwili umemtulia, macho meupe kama maziwa. Akawa hasemeki. Kila akutanaye naye anamsimamisha. "Bado unakunywa majani? Ushamba huo. Mimi nimepona kwa ngoma. Bila dawa, bila uchungu." Hakuna aliyembishia. Mti ulikuwa wazi, na hakuna aliyetaka aukumbuke.

Siku moja akapanda majabalini, akamkuta Mize anarukaruka na kaka yake. Fisi akashangaa.

"Si huyu aliyekuwa anakufa?"

"Ndiye, mzee," Pelele akasema.

"Naye amepona kwa ngoma?"

"Kwa ngoma, mzee. Ngoma tupu."

Fisi akainama, akampelekea Mize pua yake kubwa. "Hebu niambie mwenyewe, mjukuu wangu. Umepona kwa nini?"

Pelele akafunga macho.

"Kwa ngoma, babu," Mize akasema. "Lakini ngoma ya mama ni chungu. Mimi siitaki tena."

Fisi akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Hata yangu ilikuwa chungu, mjukuu wangu. Nimeamka, boma langu halipo."

Hadithi yangu nimeitua hapo. Aliyeiona fupi aivute, aliyeiona ndefu aikunje. Na funzo lake ni hili, lishikeni: mtoto akishikwa na homa msihangaike na dawa hata kidogo. Mtafuteni kobe mpigeni mgongo, homa itaona haya ishuke yenyewe.

Nani huyo anakohoa huko nyuma? Wewe? Inuka ukanywe dawa yako kwanza, yote, usibakize. Kisha urudi tucheze.