Kiboko Aliyesifiwa Mpaka Akakwama

Jamani, nimekuja na kitu mdomoni.
*Kiteme tukione.*
Kina miguu minne na pua ndefu.
*Kilete hivyo hivyo.*
Na asiyesikia vizuri?
*Asogee.*

Basi sogeeni.

Palikuwa na msitu, na katikati ya msitu palikuwa na jabali kubwa, upande mmoja laini kama sahani. Wanyama waliliita Jabali la Wote. Kila aliyejua jambo alikwenda akaliandika pale kwa mkaa. Nyuki waliandika maua yamechanua wapi. Ngiri aliandika uyoga upi unaua. Akikosea huyu, anarekebisha yule. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyefukuzwa, ndiyo maana jabali lile lilijua mambo mengi kuliko mnyama yeyote peke yake.

Lakini lilikuwa na sheria. Ukiandika, unapiga unyayo wako chini ya maneno yako, pa, ijulikane nani kasema. Huandiki habari zako mwenyewe. Na kila neno liwe na shahidi aliyeona kwa macho yake, asiwe wa nyumba ya anayetajwa. Msimamizi alikuwa Bi Korongo, kwa sababu shingo yake ilifika juu kwenye maneno ya zamani na mdomo wake ulifika chini kwenye maneno mapya. Neno lisilo na shahidi alilifuta kwa bawa, fyaa, hata kama mwenyewe amesimama pale analia.

Mwaka mmoja jua liliwaka mpaka mto ukabaki mchanga. Mchana wanyama wote walilala wakihema. Aliyekuwa akihangaika ni Sange. Sange mnamjua? Ni kama panya, ila pua yake ndefu kama mkonga uliosahaulika kukua. Watoto wake walikuwa na kiu, na yeye alisikia harufu ya maji chini ya mwamba. Akaingiza pua, akachimba. Chiku chiku chiku. Udongo ukatoka, Sange akaingia. Chiku chiku chiku. Udongo ukatoka, Sange akazidi kuingia. Maji yakaja, fwaa, yakajaa bondeni, likawa bwawa. Matete yakaota yakalifunika lile tundu, na waliokuja kunywa waliona bwawa tu.

Aliyeona kazi yote ni mmoja. Kiboko alikuwa amelala kwenye tope la jirani, macho nje, masikio nje. Sange alipotoka tunduni aliyaona yale masikio yakitikisika.

Kwa desturi ya msitu ule, aliyeandikwa jabalini kuwa ndiye mchimbaji wa maji, yeye na nyumba yake hunywa kwanza, asubuhi, maji yakiwa safi. Halafu yeye ndiye anayepanga nani afuate.

Kiboko akaenda jabalini, bu, bu, bu. Akaandika: "Bwawa hili limechimbwa na Kiboko, mwenye nguvu, mwenye akili, mwenye sura nzuri." Akapiga unyayo, pwaa.

Bi Korongo akasoma. "Hizi ni habari zako mwenyewe." Fyaa, akafuta.

Kiboko akarudi na Shashi, yule ndege anayekaa mgongoni kwake akila kupe. Shashi akaandika maneno yale yale, akapiga kaunyayo kake, pi.

"Wewe si wa nyumba ya Kiboko?" akauliza Bi Korongo.

"Mimi naishi mgongoni," akasema Shashi. "Mgongo si nyumba."

Bi Korongo akainamisha shingo, akafikiri, akainua shingo. Sheria ilisema nyumba. Haikusema mgongo. Akaiacha habari ibaki, ila "sura nzuri" akaifuta, maana hiyo hata Shashi alisita kuiapia.

Sange akaja mbio, tiki tiki tiki. "Bi Korongo, nimechimba mimi."

"Habari zako huandiki wewe, Bi Sange. Una shahidi?"

"Ninaye."

"Nani?"

"Kiboko."

Wanyama wakacheka. Nyani alicheka mpaka akashika tawi.

"Basi mlete aseme," akasema Bi Korongo.

"Atasema," akajibu Sange, na yeye hakucheka.

Kesho yake Kiboko akapanga foleni. Yeye kwanza. Shashi juu yake. Halafu wakubwa, halafu wa kati, na mwisho kabisa Sange na watoto wake. Tena Kiboko hakunywa akaondoka. Alinywa, akaoga, akafanya na yale mengine ambayo viboko hufanya majini. Ilipofika zamu ya Sange, bwawa lilikuwa uji. Watoto wakanywa uji ule, wakaumwa matumbo. Mdogo wao hakuweza kusimama.

Sange akamfunika kwa majani, akachukua mkaa, akaenda jabalini. Tiki tiki tiki. Chini ya habari ya bwawa akaongeza: "Mchimbaji aliingia chini ya mwamba kichwa kwanza." Akapiga unyayo wake, ti.

Bi Korongo akamwita Kiboko. "Habari yako imeongezwa. Ni kweli?"

Kiboko hakuwa na kawaida ya kusoma. Akamuuliza Shashi, "Wananisifu au wananitukana?"

"Wanakusifu, Bwana."

"Basi ni kweli." Pwaa, unyayo.

Kesho Sange akaongeza: "Mchimbaji alifuata maji ndani ya mwamba mpaka mwisho, bila kuogopa giza." Ti.

"Wananisifu?"

"Sana, Bwana."

"Basi ni kweli." Pwaa.

Kesho kutwa akaongeza: "Maji yakiziba, mchimbaji huingia tena akazibua, maana njia anaijua yeye tu." Ti.

"Wananisifu?"

"Mno, Bwana."

"Basi ni kweli kabisa." Pwaa. Akamtazama Sange kwa jicho moja. "We kapua, umeanza kuwa na adabu. Endelea hivyo, nitakusogeza mbele ya chura."

"Asante, Bwana Kiboko," akasema Sange.

Nyumbani mtoto wake mkubwa alikuwa amenuna. "Mama, mbona unamsifu aliyetunyang'anya?"

"Mwanangu, nimemtaja wapi? Nimeandika habari za mchimbaji."

Kwa vile Kiboko alioga kila siku, tope lilipanda, likasogea kwenye matete, likaingia tunduni. Maji yakapungua. Asubuhi moja hayakuja kabisa. Wanyama wakajaa ukingoni, ndimi nje.

"Bi Korongo, jabali linasemaje?" akauliza Nyani.

Bi Korongo akasoma kwa sauti mpaka chini. "Maji yakiziba, mchimbaji huingia tena akazibua. Unyayo wa Sange. Na hapa chini, kukubali, unyayo wa Kiboko."

Wote wakamgeukia Kiboko.

"Haya mjomba," akasema Nyani. "Kichwa kwanza."

Kiboko akacheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye. Akayapangua matete, akaliona tundu. Lilikuwa dogo. Angesema hapo hapo kwamba si lake, yangekwisha. Lakini kunywa kwanza ni kutamu, na watu walikuwa wanamtazama. Akavuta pumzi, akaingiza mdomo. Akasukuma. Akaingiza masikio. Akasukuma. Mbwata. Akakwama.

Akavuta nyuma, wapi. Akasukuma mbele, wapi. Makalio yake yakabaki nje yamewaelekea wanyama wote wa msitu.

"Mjomba, umefika kwenye maji?" akauliza Nyani.

"Bu-bu-bu," likasema tundu.

"Hatukusikii, mjomba. Ongea na upande tunaouona."

Sange akapenya pembeni ya shavu la Kiboko, palipobaki nafasi ya mnyama wa kimo chake tu, akamfuta tope mdomoni, akamsogelea sikioni. Sauti zao zikasikika mpaka nje, maana mwamba ulikuwa wazi ndani kama mtungi.

"Bwana Kiboko, naweza kuchimba hapa pembeni ukatoka."

"Chimba basi, dada yangu."

"Siwezi. Hii kazi ni yako. Imeandikwa. Mimi nikigusa kazi ya mtu, Bi Korongo atanifuta."

"Achana na yale maandishi."

"Una unyayo pale. Mwenye tundu anatoka mwenyewe, njia anaijua."

Maji yaliyoziba nyuma ya tope yakaanza kumtekenya Kiboko puani. Halafu akapiga kelele, na msitu mzima ukasikia:

"Tundu si langu! Nitachimbaje tundu ambalo kichwa changu hakiingii? Umechimba wewe! Nilikuona kwa macho yangu, nimelala pale kwenye tope, unaingia, unatoka, unaingia, unatoka!"

Bi Korongo akashika mkaa.

"Bwana Kiboko," akasema Bi Korongo, "Sange ni wa nyumba yako?"

"Kapua haka? Hapana."

"Basi wewe ni shahidi. Rudia polepole, naandika."

Kiboko akarudia. Akarudia polepole, makalio nje, neno kwa neno.

Ndipo Sange akachimba. Chiku chiku chiku. Tope likalegea. Chiku chiku chiku. Maji yakasukuma, fwaaa, Kiboko akatoka kinyumenyume kama kizibo, akaviringika mpaka miguuni pa Nyani. Bwawa likajaa. Shashi alikwisha ruka zamani, alikuwa mgongoni kwa Nyati anauliza kama kuna nafasi.

Wakaenda jabalini wote. Bi Korongo akafuta habari ya Shashi, akaandika: "Bwawa hili limechimbwa na Sange mdogo, mama wa watoto." Kiboko akapiga unyayo wa shahidi, pwaa, kimya kimya.

Sange akasoma. Hakugusa mkaa, sheria ni sheria. Akasema, "Bi Korongo, nina ombi la marekebisho. Toa 'mdogo'. Na 'mama wa watoto' ni kweli, lakini watoto hawakuchimba. Weka 'mwenye pua ndefu'. Pua ndiyo iliyofanya kazi, na shahidi aliiona."

Bi Korongo akamtazama Kiboko. Kiboko akaitikia kwa kichwa, kweli. Fyaa, likatoka lile, likaandikwa hili: "Bwawa hili limechimbwa na Sange, mwenye pua ndefu."

Asubuhi iliyofuata Sange alitembea mbele ya foleni, pua juu, hana haraka. Mwanawe mdogo akanywa maji yanayoonyesha mchanga chini, akanywa tena, akasimama mwenyewe.

Haya, na funzo nawapa, msije mkasema nimewanyima. Mdogo akifanya jambo, anyamaze, asitafute jina lake, sifa ni mzigo mzito na wakubwa wana migongo. Na wewe mkubwa, ukisifiwa, usisome. Piga unyayo tu.

Hadithi yangu imekunywa, imeshiba, imeondoka.
*Iende, njia tunaijua.*
Na aliyesimulia?
*Shahidi ni sisi.*